Ufa usioonekana kwa macho: jinsi umeme unavyoupata na kuupima

Kilima cha Upper Hill sisi watu wa Pwani tunakijua zaidi kwa Hospitali Kuu ya Kenyatta. Mgonjwa akipewa rufaa kutoka Makadara, huku ndiko hupandishwa, na jamaa zake hukaa nje wakisubiri saa ya kuona wagonjwa. Zamani kilima hiki kilikuwa cha nyumba za wafanyakazi wa reli, zenye bustani na miti. Leo ukiinua macho unaona minara. Jengo la Britam lina urefu wa mita 200, la UAP Old Mutual lina ghorofa 33. Na kila panapojengwa mnara mpya husimamishwa kwanza mnara mwingine wa chuma, ule wa kreni. Winchi, kama tunavyoiita bandarini.

Mimi kazi yangu ni kukagua vyuma. Sijengi wala sichomelei; natafuta nyufa ambazo aliyechomelea hakuziona, au zilizozaliwa baada ya yeye kuondoka. Nikirudi Mombasa wazee wa barazani huniuliza swali lile lile: "Mwanangu, ufa wa chuma mwaupimaje kwa umeme? Umeme si wa taa?" Swali ni zuri, na jibu lake linamhusu kila apitaye chini ya kreni, kila apandaye feri ya Likoni, na kila mwenye kijana anayefanya kazi Kilindini. Leo nitalijibu kwa kirefu.

Tuanze na ufa wenyewe. Wengi hudhani chuma huvunjika kwa kuzidiwa na mzigo. Hutokea, lakini mara nyingi chuma hukatika kikiwa chini ya uzito ambacho kimeshaubeba salama maelfu ya mara. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje, uunyooshe, ukunje tena. Baada ya mara chache unakukatikia mkononi, na nguvu uliyotumia mwisho haikuzidi ile ya mwanzo. Huo ndio uchovu wa chuma. Mjerumani August Wöhler aliuchunguza kwa miaka mingi katika karne ya 19, kwa sababu ekseli za mabehewa ya treni zilikuwa zikikatika bila kuzidishiwa mzigo wowote. Kreni ya Upper Hill nayo hunyanyua, hushusha, huzunguka na kusukumwa na upepo kutwa nzima. Winchi za Kilindini hushusha makontena mchana na usiku. Mlango wa feri hupandishwa na kuteremshwa kila safari. Kila mara moja ni sawa na kuukunja ule waya, kidogo sana.

Ufa hupenda kuanzia penye kona, penye tundu la bolti, na zaidi ya pote penye ukingo wa mshono wa kuchomelea. Pale chuma kimeyeyushwa na kupoa kwa haraka, na umbo hubadilika ghafla, hivyo nguvu hukusanyika kama watu mlangoni.

Mfano unaofundishwa kwa kila mkagua vyuma duniani ni wa jukwaa la Alexander Kielland. Lilikuwa jukwaa linaloelea katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwe, penye visima vya mafuta vya Ekofisk, likitumika kama malazi ya wafanyakazi. Jioni ya tarehe 27 Machi 1980, kukiwa na upepo mkali, mguu wake mmoja kati ya mitano ulikatika. Jukwaa likainama, na muda si mrefu likapinduka kabisa. Walikuwamo watu 212, walikufa 123. Walipochunguza waligundua kwamba yote yalianzia kwenye kipande kidogo cha chuma kilichochomelewa kwenye nguzo moja ya kuunganishia ili kishike chombo cha kusikilizia sauti za chini ya maji. Mshono wake ulikuwa wa milimita 6. Ufa ulianzia hapo, ukaizunguka nguzo, nguzo ikakatika, na nyingine zikafuata moja baada ya moja. Jambo ambalo halinitoki akilini ni hili: ndani ya ufa walikuta rangi. Maana yake ufa ulikuwapo tangu siku ya kupaka rangi, kabla jukwaa halijaonja bahari. Mpaka rangi aliupitishia brashi juu yake akaendelea na kazi.

Methali yetu ya ufa na ukuta inadhani ufa huonekana. Katika chuma, ufa ulioanza una upana mdogo kuliko unywele, na juu yake kuna rangi.

Ziko njia za kuufichua bila umeme. Kuna rangi nyekundu ya kupenya, ambayo hupakwa, hufutwa, kisha hutokeza pale ilipoingia. Kuna unga wa sumaku, ambao hujipanga juu ya ufa. Kuna mawimbi ya sauti, mazuri sana kwa nyufa za ndani. Njia zote hizi nazitumia na sizidharau. Lakini mbili za kwanza hutaka chuma kisafi. Kreni imepakwa rangi tabaka juu ya tabaka, ina mishono mamia, na mwenye jengo hulipia kodi ya kreni kwa siku. Ukimwambia unataka kukwangua kila mshono, atatafuta mkaguzi mwingine anayetumia macho tu. Hapo ndipo umeme unapotusaidia.

Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikibadilika karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya. Sasa bamba la chuma ni kama waya mpana usio na mwisho. Chukua koili ndogo iliyofungwa kwenye kichwa cha kifaa chenye umbo la kalamu, ipitishie umeme unaogeuka huku na huku mara laki moja kwa sekunde, kisha iweke juu ya chuma. Ndani ya chuma huzaliwa mikondo ya umeme isiyo na pa kwenda, kwa hiyo huzunguka papo hapo. Aliyewahi kusimama Likoni maji yanapogeuka ameona vile viduara vya maji. Mikondo hii ni hivyo hivyo, na mafundi huiita edi karenti. Mikondo hiyo nayo hutoa sumaku yake yenyewe, inayopingana na ile ya koili. Koili huuhisi upinzani huo, na kifaa huuonyesha kama nukta kwenye kioo.

Ufa ukikaa katikati ya njia, mikondo haiwezi kuupita. Hulazimika kuuzunguka au kupita chini yake. Upinzani unabadilika, na nukta huruka. Basi, siri yote ni hiyo. David Hughes alikwisha kutumia wazo hili London mwaka 1879 kulinganisha sarafu na vipande vya metali, na Mjerumani Friedrich Förster ndiye aliyelifanya kuwa chombo cha viwandani katika karne ya 20.

Rangi haizuii sumaku. Inaiweka kalamu mbali kidogo na chuma, na umbali huo nao hutikisa nukta, lakini huisogeza upande tofauti na ule wa ufa. Mkaguzi hukigeuza kifaa mpaka msogeo wa umbali uwe wa kulala na wa ufa uwe wa kusimama. Ndiyo maana naweza kupitisha kalamu juu ya rangi na kupata ufa ulio chini yake. Kadiri rangi inavyozidi unene, ishara hudhoofika, na mkaguzi asiyepima unene wa rangi kabla ya kuanza anabahatisha.

Umeme wa aina hii pia haupendi kuzama. Kadiri unavyogeuka kwa haraka, ndivyo unavyong'ang'ania ngozi ya chuma. Kwa aluminiamu, ukigeuka mara laki moja kwa sekunde huishia karibu robo tu ya milimita. Ukipunguza hadi mara elfu moja, hufika milimita 2 na nusu hivi. Katika chuma cha kawaida huzama kidogo zaidi ya hapo kwa upungufu, yaani hukaa juu juu kabisa, kwa sababu chuma chenyewe ni sumaku. Kwa nyufa za uchovu hilo si hasara, maana nyingi huanzia juu. Tatizo kubwa la chuma ni kwamba usumaku wake hubadilika kutoka sehemu hadi sehemu, hasa penye mshono, na nukta hucheza hata pasipo na ufa. Kwa hiyo penye mishono tunatumia kalamu yenye koili mbili zilizopishana kama msalaba, moja ikitoa hesabu ya nyingine, ili kinachobaki kiwe cha ufa peke yake.

Na kabla ya kugusa kreni, kalamu hupitishwa juu ya kipande cha majaribio, chuma cha aina ile ile chenye mikato ya kina kinachojulikana, nusu milimita, 1 na 2. Bila kipande hicho, nukta kwenye kioo ni mchezo wa taa. Ukimwona mkaguzi amefika kazini bila kipande cha majaribio, mpe chai aende zake.

Marubani na mafundi wa ndege waliisoma njia hii kwa gharama. Tarehe 28 Aprili 1988 ndege ya shirika la Aloha, Boeing 737, ilikuwa angani katika visiwa vya Hawaii, kutoka Hilo kwenda Honolulu, pale sehemu ya paa lake la mbele yenye urefu wa zaidi ya mita 5 ilipong'oka. Mhudumu mmoja alitolewa nje na hewa, hakuonekana tena. Wengine walinusurika kwa rubani kutua Maui. Ndege ile ilikuwa imeruka na kutua zaidi ya mara 89,000, safari fupi fupi juu ya bahari, katika hewa ya chumvi kama hii yetu. Kila safari ilijaza na kupunguza hewa ndani yake, waya ukakunjwa na kunyooshwa. Mwaka uliotangulia lilikuwa limetolewa agizo la kukagua viungo vya paa, na kutumia edi karenti panapopatikana ufa. Katika uchunguzi, abiria mmoja alieleza kwamba aliuona ufa kwenye ubavu wa ndege wakati wa kupanda. Hakumwambia mtu.

Sasa, kupata ufa ni kazi moja. Kuupima kina ni nyingine, na ndiyo ngumu. Mwenye kreni hataki kuambiwa "pana ufa". Anataka kujua kama kreni itafanya kazi leo.

Hapa tunabadilisha mbinu. Badala ya koili tunatumia ncha mbili za chuma zinazogusa bamba, zikiwa na umbali unaojulikana, tuseme milimita 10. Tunapitisha umeme wa kugeuka juu ya chuma na kupima tofauti ya volti kati ya ncha mbili. Kwa kuwa umeme umeng'ang'ania ngozi, ukikutana na ufa hauruki. Huteremka ukuta mmoja wa ufa hadi chini, ukapanda ukuta wa pili, kama mtu anayevuka korongo kwa miguu. Safari imekuwa ndefu, na volti imeongezeka kwa kiasi kile kile.

Hesabu yake ni ya darasa la nane. Ikiwa pasipo na ufa kifaa kinasoma 200, na ncha zikikaa pande mbili za ufa kinasoma 300, basi njia imekuwa mara moja na nusu, yaani milimita 15 badala ya 10. Zile 5 za ziada ni kushuka na kupanda. Gawa kwa mbili: ufa una kina cha milimita 2.5. Uzuri wake ni kwamba kwa ufa mrefu na wa kawaida huhitaji hata kujua aina ya chuma, kwa sababu unalinganisha chuma na chuma kile kile.

Maabara nazo hutumia umeme ulionyooka, wa betri, ambao hujaza bamba lote hadi ndani. Nyaya huchomelewa pande mbili za ufa na kuachwa hapo siku kadhaa huku mashine ikikivuta na kukiachia kipande, na ufa unaonekana ukikua kwa sehemu ndogo mno za milimita. Kazi ya namna hiyo haifanyiki juu ya mlingoti wa kreni. Huhitaji umeme mwingi na utulivu, na hata joto la kiungo cha waya huweza kuleta volti ya uongo.

Mwaka mmoja nilipanda kreni kwenye jengo moja hapa Upper Hill ambalo sitalitaja. Kwenye mguu wa kipande kimoja cha mlingoti, ukingoni mwa mshono wa sikio linalopitisha pini, nukta ilisimama. Nikarudia, ikasimama tena. Niliwasiliana na msimamizi kwa redio. Akaniambia, "Fundi, hiyo ni rangi tu imepasuka. Shuka tuweke sahihi, watu wanangoja simiti." Nikamwomba nusu saa. Nikakwangua rangi sehemu ya ukubwa wa kiberiti, nikaweka ncha mbili, nikapima sehemu tano kwa mfuatano. Ufa ulikuwa na urefu wa milimita 30 na katikati kina cha 2.5, kwenye chuma chenye unene wa 12.

Msimamizi alihesabu haraka: zimebaki milimita 9 na nusu, kreni ni nzima. Ndivyo mtu wa kawaida angehesabu, na simlaumu. Lakini ufa haukui kama ukucha, kidogo kila wiki. Ukali wa nguvu kwenye ncha ya ufa huongezeka kadiri ufa unavyorefuka, kwa hiyo kila mzigo unaufungua zaidi kuliko uliotangulia. Unaweza kuchukua miaka kufika milimita 2 na wiki chache kumaliza zilizobaki. Sikuweka sahihi. Kipande kilishushwa siku ya tatu, baada ya maneno mengi ambayo sitayaandika hapa. Kilipokatwa karakanani, ufa ulionekana kwa macho, na kina chake kilikuwa milimita 3 kasoro kidogo.

Kwa nini kifaa kilisoma pungufu? Kwa sababu kuta za ufa zilikuwa zimegusana mahali mahali, na umeme ukapata njia ya mkato kabla ya kufika chini. Kifaa hiki kikikosea, mara nyingi hukosea upande wa hatari. Ufa wa mshazari nao hupimwa kwa urefu wa ukuta wake, si kwa kina cha wima. Kwa hiyo namba inayotoka kwenye kifaa husomwa na mtu anayejua chuma, au isisomwe kabisa.

Kuna njia ya tatu inayochanganya hizi mbili. Ilibuniwa Uingereza katika miaka ya 1980 kwa ajili ya majukwaa ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, ambako wapiga mbizi walihitaji kupima mishono chini ya maji. Umeme hupitishwa juu ya chuma bila kukigusa, na badala ya kupima volti hupimwa sumaku iliyo juu yake: mahali pamoja inaonyesha ncha mbili za ufa zilipo, mahali pengine inaonyesha kina. Hufanya kazi juu ya rangi na chini ya bahari. Kwa nguzo za magati na matumbo ya vyombo vyetu, hii ndiyo ningeichagua, kwa sababu chumvi na uchovu vikishirikiana ufa hukua kwa kasi kuliko kimoja peke yake.

Sasa nirudi kwenye makaratasi, maana hapo ndipo ninapokasirika. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka lifti, kreni, minyororo na kamba za kunyanyulia zikaguliwe kikamilifu kila baada ya kipindi maalumu na mtu aliyeidhinishwa na Mkurugenzi. Vyeti hutundikwa. Nimevisoma vingi, hapa Upper Hill na kwetu Mombasa. Vingi vinasema kreni "imekaguliwa na iko salama". Kwa macho au kwa kifaa? Mishono ipi? Ufa mdogo kabisa ambao njia hiyo ingeweza kuupata ni wa kina gani? Cheti hakisemi. Na kreni huanguka kwa sababu nyingi, upepo, mzigo uliozidi, kuvunjwa kwa haraka, bolti zilizolegea. Ufa ni moja tu kati ya hizo. Mwezi Agosti 2021 kreni iliporomoka Kilimani, mtaa jirani na kilima hiki, na watu kadhaa wakafa. Waliokuwa chini hawakuwa na namna yoyote ya kujua iwapo cheti kilichotundikwa pale kilikuwa cha macho au cha kifaa.

Mwajiri mwema anaweza kudai kwamba ripoti itaje njia, mishono iliyoguswa na kipande cha majaribio kilichotumika. Ni ukurasa mmoja wa ziada. Mkaguzi aliyefanya kazi hataona taabu kuuandika.

Kijana anayefanya kazi chini ya winchi naye ana la kutazama, hata bila kifaa. Ufa unaopumua hupitisha maji, na maji hutoa kutu. Ukiona mstari mwembamba wa rangi ya kahawia unaotoka ukingoni mwa mshono, juu ya rangi iliyo nzima, usiupanguse. Upige picha, andika tarehe na mahali, mpelekee msimamizi, na akinyamaza wapelekee maofisa wa usalama kazini. Wana ofisi katika kaunti nyingi, Mombasa ikiwemo.